Gari Inamisi au Imekosa Pumzi? Koili na Sensa ya Hewa Kabla Hujatoa Pesa

Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ, na chini ya kitanda nina boksi lenye koili tatu nzima (vile vifaa vinavyoipa plagi umeme wa cheche) ambazo sikuwa na haja ya kuzitoa kwenye gari. Nilibadilisha zote nne kwa siku moja kwa sababu fundi aliweka kiganja juu ya injini, akatikisa kichwa, akasema, "Koili hizi, kaka. Zimechoka zote." Nikatoa pesa, gari ikatulia. Siku ya nne, nikiwa napanda kutoka Himo kwenda Marangu, ikaanza kutetemeka tena, na taa ya injini ikawa inawaka na kuzima kama indiketa. Silinda ile ile, namba 3, na koili yake haikuwa na wiki.

Shimo la plagi namba 3 lilikuwa limejaa oili. Koili ya kwanza ilifia humo, na ya pili ikafuata. Nimejifunza mengi tangu hapo, ila la maana ni hili: tatizo lihamishe kwanza, au lioshe kwanza, kununua kuje mwisho. Koili unaihamisha, sensa ya hewa unaiosha. Kazi zote mbili mtu anaweza kuzifanya nyumbani Jumamosi asubuhi akiwa na spana namba 10, bisibisi ya nyota na taa ya simu.

Kwanza: inatetemeka au inahema?

Watu wengi huita kila ugonjwa wa injini "kumisi". Ukitaka kuokoa pesa, tenganisha.

Koili ikifa, silinda moja inaacha kazi na tatu zilizobaki zinaibeba. Injini inatikisika kwa mdundo unaojirudia: kioo cha pembeni kinatetemeka, kikombe kwenye dashibodi kinacheza. Simama nyuma ya ekzosi usikilize. Badala ya sauti moja iliyonyooka utasikia put-put-put, pengo, put-put-put, pengo. Harufu ya petroli mbichi inakuwepo pia.

Sensa ya hewa, ile ambayo mafundi wengi wanaiita eaflo, inaumiza silinda zote kwa pamoja. Kwa hiyo injini haitetemeki kwa mdundo. Inachoka. Unakanyaga mafuta, gari inawaza kwanza ndipo iende. Unaingia kipilefti cha Mnara wa Saa, unaachia mguu, inazima. Au mizunguko inapanda na kushuka yenyewe ikiwa imesimama. Mafuta yanaisha upesi, na wakati mwingine ekzosi inatoa moshi mweusi.

Kama inatetemeka kwa mdundo, anza na koili. Kama inahema, anza na hewa. Kama inafanya yote mawili, bado anza na koili, maana silinda iliyokufa inavuruga hata vipimo vya hewa: oksijeni ambayo haikuungua inapita kwenye ekzosi, sensa ya huko inadhani mafuta ni machache, na kompyuta inaanza kuongeza mafuta pasipohitajika.

Na ile taa ya injini ikiwaka na kuzima mfululizo, usiendelee na safari ukisema utafika tu. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia ndani ya masega ya ekzosi, yaani kile kisafisha moshi, na kuyayeyusha. Bei ya masega hailingani na bei ya koili hata kidogo.

Inamisi saa ngapi?

Hili ndilo swali ambalo fundi mzuri atakuuliza kabla hajafungua boneti.

Inamisi asubuhi ya ubaridi au baada ya mvua, ikishapata moto inatulia: umeme unavuja nje ya njia yake kwa sababu ya unyevu. Raba ya chini ya koili imepasuka, au kauri ya plagi ina ufa. Sisi wa Arusha tunakutana na hili zaidi masika, Machi hadi Mei, na zile asubuhi za ukungu wa Juni na Julai.

Asubuhi ni nzima, baada ya dakika ishirini za barabara inaanza: koili yenyewe inachoka ikipata moto. Nyaya za ndani zinatanuka, pale palipokatika panaachana. Gari ya namna hii ukiipeleka gereji ikiwa imepoa, fundi ataiwasha, ataisikiliza, atakuambia haina kitu. Ipeleke ikiwa moto.

Ikiwa imesimama ni nzima, mlimani inamisi: cheche inatoka lakini ni dhaifu. Injini ikibeba mzigo, mgandamizo ndani ya silinda unakuwa mkubwa, na umeme unahitaji nguvu zaidi kuruka pengo la plagi. Ndiyo maana gari inayozunguka vizuri Njiro na Kijenge inakuja kuumbuka kwenye kona za Mto wa Mbu kupanda Karatu. Hapa usikimbilie koili. Plagi iliyolika na pengo lake kupanuka inafanya hivyo hivyo, na ikiachwa muda mrefu inaua koili pia, kwa kuilazimisha kusukuma umeme zaidi kila siku. Ukisoma kwenye plagi Denso K16R-U11, hiyo 11 ya mwisho ni pengo la milimita 1.1. Plagi iliyochoka utaiona imezidi hapo hata bila kipimo.

Imeanza jioni ile ile uliyotoka kuosha gari: hii haihitaji mashine. Maji ya presha yameingia kwenye mashimo ya plagi. Toa koili, kausha shimo, kausha raba, rudisha. Mimi siku hizi nawaambia vijana wa kuosha wasiguse chini ya boneti. Wananinunia, lakini wanaosha.

Kuhamisha tatizo

Injini nyingi za petroli za Toyota tunazoendesha zina koili moja juu ya kila plagi. Hiyo ni bahati, kwa sababu zote nne zinafanana na zinabadilishana nafasi.

Tahadhari kwanza. Koili inatoa volti 20,000 hadi 40,000. Ule mtindo wa kuchomoa koili injini ikinguruma ili uone cheche inavyoruka, waachie wanaopenda kurushwa, tena karibu na mvuke wa petroli. Chomoa soketi ya waya, tena injini ikiwa imezimwa, halafu uwashe usikilize.

Tafuta silinda iliyokufa. Zima, chomoa soketi ya koili namba 1, washa, sikiliza sekunde chache, zima, rudisha. Nenda ya pili. Ukichomoa koili nzima, injini inazidi kuwa mbaya na unaisikia wazi. Ukichomoa ambayo sauti haikubadilika hata kidogo, umeipata: hiyo ilikuwa haifanyi kazi tangu mwanzo. Kwenye IST namba 1 iko upande wa cheni, yaani upande wa dereva. Usiwashe kwa muda mrefu katika zoezi hili, kwa sababu ile ile ya masega.

Sasa andika namba kwa chaki juu ya kila koili. Boliti ya spana namba 10, moja kwa kila koili. Vile vikonyo vya soketi vimepikwa na joto kwa miaka mingi huko Japani na hapa, vinavunjika kama biskuti. Bonyeza taratibu, vuta soketi yenyewe, usivute waya. Koili izungushe kidogo kulia na kushoto ndipo uivute juu.

Hamishia koili inayoshukiwa kwenye silinda nyingine, ya huko ije hapa. Washa. Ugonjwa ukihama nayo, koili ni mbovu, kanunue moja. Ukibaki palepale, koili ni nzima. Hamisha plagi kwa mtindo ule ule. Ukihama na plagi, nunua plagi, na plagi nunua zote nne kwa pamoja kwa sababu zimezeeka pamoja. Ukibaki palepale tena, geukia waya. Upime kwa multimeta: ufunguo uko on, injini haijawashwa, waya wa umeme kwenye soketi ya koili usome karibu na volti za betri. Ukikuta sifuri, fuata waya kurudi nyuma. Nimewahi kukuta umetafunwa na panya, gari ilikuwa inalala chini ya mparachichi.

Multimeta hiyo hiyo usiitumie kuhukumu koili yenyewe kama ina pini nne. Ndani yake kuna kifaa cha elektroniki. Waya mmoja unaleta umeme, mmoja ni ethi, mmoja unaleta amri ya kompyuta, wa nne unarudisha jibu kwamba amri imetekelezwa. Namba za omu utakazopata hapo hazikuambii kitu. Kuhamisha ndiko kunakosema ukweli. Jibu lile lisiporudi, kompyuta inaweza kuikatia silinda hiyo mafuta, kwa hiyo usishangae plagi ikitoka kavu badala ya kulowa petroli.

Umefika hapa na ugonjwa haujahama kwa koili wala plagi, na umeme upo? Imebaki nozeli inayopuliza petroli au mgandamizo wa silinda, na hapo nenda kwa fundi mwenye geji ya kuupima.

Lile shimo

Ukishatoa koili, usikimbilie kuangalia koili. Mulika shimo.

Siku ile nilipotoa namba 3, raba yake ilikuja juu imevimba na laini kama chapati iliyolala kwenye mafuta. Nikaifuta. Kwenye kauri ya plagi kulikuwa na mstari mmoja mweusi, mwembamba kuliko unywele, umeshuka kutoka juu hadi kwenye chuma. Ukipitisha kucha husikii chochote. Mstari huo ndiyo njia ya mkato ya umeme: badala ya kushuka katikati ya plagi na kuruka pengo, unateleza nje na kumalizikia kwenye bodi ya injini. Ukishachoreka haufutiki, na mara nyingi upande wa ndani ya raba ya koili unakuta pacha wake. Ukiweka koili mpya juu ya plagi yenye mstari, umeiandikia kifo.

Oili inaingia humo kupitia raba zinazozunguka mashimo ya plagi chini ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa injini. Zikikauka zinavujisha. Dawa ni kubadilisha raba hizo na gasketi ya tapeti kava, kusafisha shimo, ndipo uweke plagi na koili. Na kabla hujafungua plagi, nyonya ile oili kwa kitambaa kilichofungwa kwenye bisibisi ndefu, la sivyo yote inadondokea ndani ya silinda. Kurudisha plagi anza kwa vidole tu, kichwa cha injini ni alumini, ukikosea nyuzi utalia.

Upande wa hewa

Sensa ya hewa inakaa kwenye kasha la ea klina au kwenye bomba linalotoka hapo kwenda kwenye throto, ule mlango wa hewa wa injini. Ndani yake kuna waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta inahesabu umeme unaohitajika kuurudishia joto lake. Hivyo ndivyo inavyojua hewa iliyoingia ni gramu ngapi, na inapima petroli ya kuendana nayo. Vumbi likijenga ganda juu ya waya, hewa inapita bila kuupoza sawasawa, sensa inaripoti pungufu, petroli inatoka pungufu. Gari inahema. Baadhi ya gari hazina sensa hii kabisa, zinapima presha ya hewa kwenye manifoldi, kwa hiyo angalia kwanza kama unayo.

Vumbi linafikaje wakati kuna chujio? Kwa mkono wetu. Tunapuliza chujio kwa kompresa ili lidumu, karatasi inatoboka matundu usiyoyaona, na kiangazi barabara za huku zina vumbi jepesi kama unga. Shika chujio ulielekeze kwenye jua: ukiona vitone vya mwanga, tupa. Kuna na yale machujio ya kupakwa mafuta, yakizidishiwa mafuta hayo huenda kulala juu ya sensa.

Kabla ya kuiosha, kagua bomba. Libane na kulikunjua, hasa kwenye mikunjo ya chini usikoona kirahisi. Ufa wowote kati ya sensa na injini unaingiza hewa ambayo haijahesabiwa, na dalili zake zinafanana na za sensa chafu kiasi cha kudanganya mafundi. Kaza klipu. Sikiliza mlio wa sss injini ikiwa inanguruma.

Kisha jaribio la kuchomoa soketi. Zima, chomoa soketi ya sensa, washa. Kompyuta inapoikosa inatumia makadirio yake yenyewe. Taa ya injini itawaka na gari haitakuwa na nguvu kamili. Lakini kama bila sensa injini inakwenda vizuri kuliko ikiwa nayo, sensa ilikuwa inasema uongo.

Kuosha ni hivi. Injini imepoa, ufunguo mfukoni. Skurubu mbili za nyota, tumia bisibisi inayoshika sawasawa kwa sababu vichwa vyake vinalika upesi. Vuta sensa. Utaona kitone kidogo kama mbegu ya mchicha, hicho kinapima joto la hewa. Waya wenyewe uko ndani ya kitundu. Puliza kwa dawa ya kusafishia sensa za hewa, mara kumi hivi, kutoka umbali wa kiganja. Usiguse. Si kwa pamba, si kwa mswaki, si kwa kitambaa laini cha miwani. Dawa ya kuoshea kabureta inaacha utando na inakula plastiki. Kompresa inakata waya. Acha ikauke dakika ishirini, hakikisha raba yake ya duara imerudi mahali pake.

Baada ya hapo kompyuta inabaki na mazoea ya siku za uchafu. Wengi wanatoa waya wa betri, halafu redio ya Kijapani inawadai namba za siri na muziki unaishia hapo. Mimi nachomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa dakika chache. Itahangaika kidogo siku ya kwanza, kisha itatulia.

Mashine inavyosema

Mashine ya kusoma kompyuta ya gari inatoa namba za makosa. P0301 hadi P0304 maana yake silinda hiyo inamisi, haijasema koili. P0351 hadi P0354 ndiyo inalalamikia waya wa koili hiyo au koili yenyewe. P0102 ni ishara ndogo kutoka sensa ya hewa, mara nyingi soketi iliyolegea. P0171 ni hewa nyingi kuliko petroli, na hapo watu wengi wameuziwa sensa bure.

Kwa P0171, angalia kompyuta inaongeza mafuta kiasi gani. Kama inaongeza sana gari ikiwa imesimama na kupunguza ukipandisha mizunguko, kuna ufa unaoingiza hewa. Kama imesimama iko sawa lakini barabarani nyongeza inazidi kupanda, sensa chafu au petroli haifiki ya kutosha. Injini ya lita 1.5 ikiwa moto, gari imesimama, AC imezimwa, sensa ya hewa isome takriban gramu 2 kwa sekunde.

Vile vidude vidogo vya Bluetooth vya kusoma namba hizi kwa simu havielewani na gari nyingi za zamani zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani. Kisipoungana na gari yako, usidhani kimekufa.

Na kama gari yako ni ya Dar, ikifika Arusha ikawa nzito, subiri kwanza. Mji uko kwenye mita 1,400 hivi, presha ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Nguvu inapungua kwa kiasi hicho na sensa haina kosa. Inapima uzito wa hewa, na hewa yenyewe ndiyo nyepesi. Moshi iko chini zaidi, kwa hiyo utaona nafuu. Mwinuko haufanyi injini itetemeke, wala hauwashi taa.

Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, aliniita mwezi uliopita. Premio yake ilikuwa imetoka kubadilishwa koili, haitetemeki tena, lakini ikawa inazima kila akiachia mafuta.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Wameniibia kijana wangu. Wamenitengenezea moja, wakaniharibia lingine."

Ili kuzifikia koili walikuwa wametoa kasha la ea klina. Nikamulika. Soketi ya sensa ya hewa ilikuwa inaning'inia pembeni, haijachomekwa, na klipu ya bomba iko wazi. Nikachomeka, nikakaza, nikachomoa fyuzi na kuirudisha. Mwalimu akawasha, akakaa kimya akiitazama sindano ya mizunguko mpaka ilipotulia, kisha akashuka kwenda kumwambia mkewe aongeze chai.